Kibali cha Kushuka Kisimani

Si zamani sana, wala si mbali sana na hapo ulipoketi, palikuwa na nchi iliyokuwa na furaha kwa amri. Jina lake nisiulizwe, kwani wakati huo lilikuwa limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na mpaka leo halijarudi. Nchi hiyo ilikuwa na kila ambacho nchi yapaswa kuwa nacho: wimbo, bendera na kiwanda. Kiwanda kilikuwa kimoja, cha kuyeyusha betri mbovu za magari ili kupata risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri, yakauzwe ng'ambo. Jivu lililobaki lilirundikwa nyuma ya kiwanda. Lilirundikwa miaka kumi na minane hata likawa mlima, na mlima ukaipita kwa urefu sanamu ya Rais iliyosimama uwanjani.

Hapo ndipo Serikali ilipogundua kwamba kuna tatizo.

Ikaundwa tume. Tume ikakaa hotelini miezi minne, ikilitazama jivu kwa darubini kutoka ghorofa ya saba, kisha ikatoa ripoti ya kurasa mia sita yenye hoja moja: udongo wa mashamba ya wakulima ukikauka unafanana rangi na jivu, kwa hiyo hawa ni ndugu, na ni dhambi kuwatenganisha ndugu. Waziri wa Kilimo, Viwanda na Matumaini, Mheshimiwa Dakta Kifulugo, akalipa jivu jina la Rutuba ya Taifa. Malori yakaanza kulimwaga mashambani, kila mkulima na fungu lake, apende asipende.

Tuseme kweli, mwaka wa kwanza mahindi yalisitawi. Jivu lilikuwa na chokaa ndani yake, na udongo wa kule ulikuwa mchachu, ukaipokea chokaa kwa mikono miwili. Magazeti ya nchi hiyo yalikuwa mawili, moja la asubuhi na la pili lilikuwa lile lile jioni, na yote mawili yalichapa picha ya Waziri amekumbatia hindi. Aliyeuliza mvua ikinyesha kitashuka nini chini alikuwa mtu mmoja tu, mtaalamu wa maji aitwaye Bi Hobokela. Alisema risasi iliyosalia ndani ya jivu huyeyuka kidogo kidogo, huzama ardhini pamoja na maji ya mvua, na mwisho wa safari yake ni visimani. Walimsikiliza kwa makini sana. Wiki iliyofuata aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ya jangwa isiyokuwa na kisima hata kimoja.

Lakini msidhani Serikali ilipuuza. Bunge lilikaa siku mbili mfululizo likapitisha Sheria ya Kuzuia Uhamaji Holela wa Madini. Kifungu cha nne kilisema ni marufuku kwa madini ya aina yoyote kutoka shambani kwenda kisimani bila kibali. Kifungu cha tisa kiliongezwa na mbunge mmoja aliyeshtuka usingizini na kuona aibu ya kukaa kimya: ofisa atakayeyaachia madini yapite, atahesabiwa mbele ya sheria kuwa yeye ndiye madini. Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka moja ikavunjika, ikaundwa tume ya meza.

*

Basi sheria ikihitaji watu wa kuisimamia, walikusanywa maofisa uhamiaji kutoka mipakani. Mmoja wao alikuwa Athanasi Mbwilo, ofisa wa daraja la tatu, mtu wa miaka thelathini na minne aliyefanya kazi miaka tisa bila doa, isipokuwa ile mara moja alipopiga chafya mbele ya Mkuu wa Mkoa. Alipelekwa Kisongwe, kijijini kwao, kuwa mkuu wa Kizuizi Namba Kumi na Mbili. Alikabidhiwa boriti iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, meza, kiti, filimbi, muhuri na daftari kubwa. Boriti ilisimikwa kati ya shamba la mahindi la mama yake na kisima cha mama yake, nayo kila asubuhi ilipandishwa na kushushwa mara tatu kwa majaribio.

Kisima hicho kilichimbwa na marehemu baba yake Athanasi, na nusu ya kijiji ilikunywa humo. Sasa, Kisongwe wana mila yao. Kwao kisima ni mtu wa nyumbani. Aliyekichimba hukipa jina, hukiandikisha katika chama cha kuzikana, na kisima kilicho hai hakikimbiwi, kama vile mzazi mgonjwa asivyokimbiwa. Kikifa, hukaliwa matanga na kuzikwa. Kikifa kwa uzee, mrithi wake huchimbwa siku hiyo hiyo hatua tano pembeni. Kikiuawa, muuaji hubebwa na kutolewa nje ya kijiji, na hakuna jembe linalogusa ardhi ile mpaka atoke. Kisima cha akina Mbwilo kiliitwa Mapozeo, na mpaka mwaka huo hakikuwa kimemkosea mtu.

Athanasi aliianza kazi kwa moyo wote. Alikaa kitini kuanzia alfajiri, sare imenyooka, akiikodolea macho ardhi. Mvua iliponyesha alifungua mwavuli akaikodolea zaidi. Daftari lilikuwa na safu za kujazwa: jina la madini, yaendako, sababu ya safari, namba ya kibali. Kila jioni aliandika kwa mwandiko wake mzuri, "Hakuna aliyepita," akapiga muhuri. Hakusema uongo, maana kwa kweli hakumwona mtu.

Mama yake, Bi Tusekile, alimtazama wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu alimletea uji, akasimama mikono kiunoni.

"Athanasi, baba, hayo madini yako yanapita juu au chini?"

"Chini, mama."

"Na hilo boriti lako liko wapi?"

"Juu, mama."

"Haya. Kunywa uji, usije ukapoa," akasema Bi Tusekile, akaenda zake kuchambua mboga.

Maneno ya mama yalimkaa. Akaandika barua makao makuu kupendekeza kizuizi kihamishiwe chini ya ardhi. Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja: pendekezo zuri, lakini kizuizi cha chini ya ardhi viongozi wakija ziarani watakionaje?

*

Athanasi alikuwa na binti mmoja, Subilaga, wa miaka mitano. Mama yake mtoto alikuwa muuguzi katika mkoa wa mbali, hivyo mtoto alilelewa na bibi. Subi alikuwa na mdomo wa cherehani, na alijua kuhesabu mpaka thelathini. Asubuhi zote alisimama kando ya kizuizi akihesabu chochote kilichopita, kuku, wingu, hata chafya za baba yake.

Masika ya pili yalipokolea, mtoto alianza kulalamika tumbo. Chakula akawa anakisukuma pembeni. Akanyamaza, na mwanzoni watu wakasifu kwamba sasa amekuwa na adabu. Halafu asubuhi moja akawa anahesabu bata wa jirani wakivuka chini ya boriti.

"Sita, saba, nane, tisa..." Akasimama. Akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu aliyepoteza kitu njiani. "Baba, baada ya tisa anakuja nani?"

Athanasi alihisi moyo wake ukishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Alimjibu, "Kumi, mama," akamnyanyua na kumkumbatia mpaka vifungo vya sare vikamchora mtoto shavuni. Kisha akaenda kisimani, akachota kwa kiganja, akaonja. Maji yalikuwa na ladha ya ufunguo.

Siku hiyo hiyo aliwaomba mama yake na jirani wote wakachote kwenye chemchemi ya Itende, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mama yake alikubali kwa ajili ya mtoto. Jirani walikataa. Mapozeo hajafa, walisema, na aliye hai hakimbiwi. Akaandika barua ya pili makao makuu kueleza kwamba risasi imeingia kisimani na watoto wanaumwa. Safari hii jibu halikuchelewa. Lilikuja na pikipiki.

"Rejea daftari lako," barua ilisema. "Kwa siku mia tatu na tisini umethibitisha kwa muhuri kwamba hakuna aliyepita. Ikiwa hakuna aliyepita, kisima ni salama, na kusema vinginevyo ni uchochezi dhidi ya maji. Ikiwa yupo aliyepita, tafadhali soma kifungu cha tisa. Kazi njema."

Athanasi alikisoma kifungu cha tisa mpaka akakijua kwa moyo. Ukweli ulikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulifungukia gerezani. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Wiki nzima aliendelea kuandika "Hakuna aliyepita", na kila alipoandika alijichukia.

*

Aliyemkwamua alikuwa Mama Atupele, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Alikuja kizuizini mbiombio, akakaa juu ya boriti bila kuomba ruhusa.

"Afande, mbona tunakaa tu? Mwenzetu amekufa!"

"Nani tena amekufa?"

"Mapozeo. Jana nimemwaga maji yake kwenye mche wa nyanya, ukalala. Mimi nimezika watu mia mbili na ushee, maiti naijua. Tukae matanga."

"Mikusanyiko imekatazwa, mama yangu. Zaidi ya watu watano ni kosa."

"Isipokuwa nini?" Mama Atupele alitabasamu mpaka pengo likaonekana. "Malizia, si wewe ndiye mtu wa sheria?"

"Isipokuwa msiba na mapokezi ya viongozi."

"Ehee! Basi andika cheti cha kifo. Mwenye muhuri kijiji hiki ni wewe peke yako."

Athanasi akatoa fomu. Jina la marehemu: Mapozeo. Umri: miaka arobaini na mmoja. Jinsia: hapa alisita, akapiga mstari pote. Kazi: kutoa maji. Alipofika kwenye sababu ya kifo, kalamu iligoma.

"Hapo nitajaza baadaye," alisema.

"Utajaza kabla hatujazika," alisema Mama Atupele, safari hii bila utani. "Wasifu wa marehemu utausoma wewe, ndiwe mtoto wa aliyemchimba. Na sababu itasomwa mbele za watu. Mtu hazikwi hivi hivi kama gunia."

Habari za msiba hazikuchelewa kufika mjini. Mheshimiwa Dakta Kifulugo alikuwa hajawahi kufika Kisongwe kwa ajili ya njaa, barabara wala ugonjwa, lakini msiba hakuwahi kuukosa hata mmoja, hasa mwaka wa uchaguzi. Msaidizi wake alimnong'oneza kwamba marehemu ni kisima. Waziri alijibu kwamba kifo hakichagui, na akaagiza suti nyeusi.

Alifika na magari kumi na moja. Waombolezaji walikuwa wamejaa uwanjani, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wamekaa kwenye vigogo, makande yanatokota kwenye masufuria ya chama. Waziri akawekewa kochi. Likaja zoezi la kuaga. Yeye wa kwanza akakizunguka kisima taratibu, akainama, akaangalia ndani kwa uchungu, akaiona sura yake mwenyewe kule chini, akaipungia mkono.

"Ndugu wafiwa," alisema alipopewa nafasi, "nimemfahamu marehemu kwa muda mrefu kupitia takwimu. Alikuwa mchapakazi. Hakuwahi kugoma. Hakuwahi kudai kupanda daraja. Alianzia chini na akabaki chini, jambo ambalo vijana wetu wa leo hawaliwezi. Serikali imeguswa. Kama rambirambi, nimekuja na malori kumi ya Rutuba ya Taifa, na kwa kuwa marehemu amekufa kwa uzee, leo hii nitachimba jembe la kwanza la mrithi wake, hapo hapo, hatua tano pembeni!"

Wanafunzi waliopangwa wapige makofi wakapiga. Bi Tusekile, aliyekuwa amempakata mjukuu wake, hakupiga. Alimtazama mwanawe.

Athanasi akasimama na karatasi ya wasifu. Alisoma lini Mapozeo alichimbwa, na nani, na kwamba mwaka wa ukame mkubwa alinywesha vijiji vitatu. Watu walilia, na kilio kilikuwa cha kweli. Alipokaribia mwisho, msaidizi wa Waziri alimsogelea akamnong'oneza, "Uzee, afande. Sema uzee, twende tukale."

Athanasi alitazama hatua tano pembeni, jembe lilipoegemezwa, ardhi ile ile, jivu lile lile. Kisha alimtazama Subi, aliyekuwa akichezea vidole vyake mapajani mwa bibi. Hofu ilikuwepo bado, ila hasira iliipita urefu.

"Sababu ya kifo," alisoma, ingawa karatasi haikuwa na neno hapo. "Marehemu hakufa kwa uzee. Ameuawa na jivu la kiwanda. Risasi iliyomo ilishuka na mvua, ikapita chini ya kizuizi changu, masika mawili, na mimi niliyekuwa zamu niliandika kwamba hakuna aliyepita. Alipita. Walipita wote." Akatoa muhuri mfukoni, akaugonga kwenye cheti mbele ya watu wote.

Mama Atupele alipiga yowe la msiba lililosikika mpaka bonde la pili. Waziri alikwishaaga maiti, alikwisharekodiwa akimlilia marehemu, na nchini humo neno la Waziri lililorekodiwa lilikuwa sawa na gazeti la Serikali. Hakuweza kusema kisima ki hai, wala kuurudia uzee, kwani cheti kilikwisha kupigwa muhuri. Aliweza kitu kimoja tu, naye akakifanya: aliamuru Athanasi akamatwe kwa kuwa risasi.

*

Kesi iliendeshwa makao makuu ya nchi, kwa haki zote.

"Mshtakiwa," aliuliza Jaji, "wewe ni risasi?"

"Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, Mheshimiwa Jaji, ndiyo."

"Uliingia kisimani bila kibali?"

"Niliingia."

Akahukumiwa miaka saba, na ikaamriwa asisogezwe hatua mia mbili karibu na kisima chochote, asije akarudia. Yule Jaji, hata hivyo, alikuwa mtu wa kanuni, ugonjwa usiokuwa na dawa. Alisema kwamba ikiwa mauaji yametokea, basi jivu ni kielelezo, na kielelezo hukaa mahakamani mpaka rufaa zote ziishe. Lisibaki hata kijiko kijijini. Tena lisifunikwe, kwa sababu haki lazima ionekane.

Siku ya kulipakia, Kisongwe walitoka wote. Muuaji alikuwa anatolewa nje ya kijiji kama mila inavyotaka, tena kwa mafuta ya Serikali. Walikwangua mashamba kwa majembe, wakafagia kwa fagio za chelewa, vizee wakakung'uta mpaka viatu. Malori yalikwenda na kurudi miezi mitatu. Vijiji jirani navyo viliposikia, visima vyao vikaanza kufa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na matanga yake na cheti chake, na Jaji akapokea vielelezo vyote bila ubaguzi.

Uwanja wa mahakama ulikuwa juu ya Kilima cha Waheshimiwa. Chini ya kilima palikuwa na bwawa zuri lenye bata mzinga wa Rais pembezoni, ambalo maji yake yalikwenda kwenye nyumba za mawaziri tu. Watu wengine wa mji, na wafungwa pia, walinunuliwa maji ya mapipa kutoka mbali na kuletewa kwa mikokoteni. Kabla ya masika, mlima wa jivu juu ya kilima ulikuwa umeipita tena sanamu ya Rais.

*

Bi Tusekile alikuja kumtembelea mwanawe mara moja kila baada ya miezi miwili, na chupa ya maji ya Itende. Subi tumbo limepona, alisema. Kuhesabu amefika kumi na mbili. Daktari amesema asiharakishwe, kuna vingine vitarudi na vingine huenda visirudi. Athanasi aliinamisha kichwa kwenye nondo akalia bila kuficha, na mama yake alimshika vidole kupitia nondo hizo mpaka askari akasema muda umekwisha.

Masika mawili yalipita. Siku moja mlango wa gereza ulifunguliwa na kuingia Mheshimiwa Dakta Kifulugo mwenyewe, na mwavuli uliolowa, amekonda kidogo, na karani nyuma yake. Alifukuza askari, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mbwilo," alisema kwa sauti ya chini, "nimetumwa na Baraza. Wewe kisheria ndiwe risasi. Hatukujua tumwendee nani mwingine. Tuambie kwa udugu: wewe na wenzako kule kilimani, mnakusudia kushuka bwawani?"

Athanasi angeweza kucheka, na siku nyingi alikuwa amengojea kicheko hicho, lakini kilipofika hakukitaka.

"Mheshimiwa," alijibu, "sisi ni raia watiifu. Kifungu cha nne kinatukataza."

"Alhamdulillah!" Waziri alipumua. "Nilijua. Nilimwambia Rais, sheria ni nzuri. Tutaweka na boriti, kwa usalama zaidi. Karani, andika! Boriti zitawekwa kuzunguka bwawa lote, nitazitaja moja moja na mahali pake. Ya kwanza, kwangu. Ya pili, kwa Waziri Mkuu. Ya tatu, kwa Spika..."

Alizihesabu kwa vidole, mvua ikipiga bati la gereza, karani akiandika. Alitaja ya saba, ya nane, ya tisa. Hapo akanyamaza. Karani alingoja, kalamu hewani. Waziri alivitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kwa utulivu wa mtoto.

Athanasi aliutambua ukimya ule.

"Kumi, Mheshimiwa," alimwambia taratibu. "Baada ya tisa inakuja kumi."